Jezi ya mtumba namba 99, Watt wa Houston Texans: nimeivaa, nimeifua, haya ndo maoni yangu

Niseme mapema ili asiye na muda aishie hapa: ukiikuta hii jezi ya futiboli ya Kimarekani (ligi yao ya NFL) sokoni, ile yenye namba za kushonwa, ichukue. Ile ya namba za kuchapa chukua kama bei ni ya kutupa. Ila ukiona mtu anakuuzia mpyaa, imefungwa kwenye nailoni, anakwambia "orijino kutoka Marekani" kwa elfu thelathini na kitu, kimbia, huko mbele nitaeleza kwanini.

Yangu nimeitoa Karume, pale Mchikichini, kwa kijana mmoja ambaye belo zake ni za jezi tupu. Alianzia elfu thelathini akaniambia ni jezi ya basketi, mimi kimya, maana muuzaji akishakuwa hajui anachouza ukimsahihisha unajipandishia bei mwenyewe, tukavutana pale mpaka ikatoka kwa elfu kumi na nane. Ni bluu iliyokolea sana, kwa mbali unaweza kusema nyeusi, 99 kubwa nyeupe yenye ukingo mwekundu kifuani na mgongoni, na juu ya ile ya mgongoni WATT kwa herufi kubwa. Saizi L ya Kimarekani, ambayo kwetu huku ni XL bila ubishi, kwahiyo kama wewe ni mwembamba usidanganyike na herufi, ipime juu ya shati lako hapohapo sokoni.

Ukiishika tu unajua hii sio jezi ya mpira wetu. Ni nzito. Zile namba zimekatwa kwenye kitambaa kingine kigumu, tabaka mbili, jekundu chini jeupe juu, alafu sindano imepita ukingoni kote bila kuruka, ukiigeuza ndani nje unaona uzi umeichora 99 nzima kwa kinyume. Herufi za jina nazo hivyohivyo. Mabegani mshono umerudiwa, ubavuni kuna kitambaa cha wavu cha kupitisha hewa, na pale chini mbele kwenye pindo kuna kile kibandiko cha kushonwa chenye saizi na nembo ya ligi. Imeshafuliwa kwa mashine, imeshafuliwa kwa mkono, imeshalala kwenye maji ya sabuni usiku kucha na mashuka kwa uzembe wa mtu ambaye simtaji humu ndani kwangu, haijatoa rangi, haijachanika, haijalegea kola. Nina jezi za timu zetu nimenunua mpya dukani zimeshakuwa dekio, hii ambayo sijui aliyeanza kuivaa aliivaa miaka mingapi huko Texas bado inasimama.

Kasoro yake ni joto. Aisee. Hii nguo usiivae mchana wa Dar, usipande nayo daladala ya Mbagala saa nane umesimama, utashuka umeloa kama umetoka baharini na ile 99 imekuganda kifuani. Zile namba za kushonwa ndo tatizo, kitambaa juu ya kitambaa, pale kifuani hapapumui kabisa. Jioni sawa, Arusha mwezi wa saba sawa kabisa, Makambako utaipenda.

Kitu kingine ni mkato. Wengi wanalalamika kwamba jezi hizi ni pana kama gunia, wanadhani wachezaji ndo wanavaa hivyo kwa sababu wanavaa yale mapedi ya mabegani. Hapana. Za mashabiki ndo zinakatwa pana. Ya mchezaji, hasa anayecheza nafasi ya huyu jamaa, inabana mpaka unashangaa ameingiaje, na mkono wake ni mfupi mno, kwa sababu mpinzani anayemzuia yuko naye kifua kwa kifua kila mpira unapoanza, na kitambaa chochote kinachoning'inia ni mshikio. Kuna toleo la dukani lililokatwa hivyohivyo linaitwa Elite, utalijua kwa saizi yake inaandikwa kwa namba, 40, 44, 48. Ukiwa na kitambi kama changu Elite iache ilipo.

Sasa jina. Mimi naona hapa ndo penye thamani yenyewe, na inaniuma kuona vijana wamevaa 99 ya Watt hawana habari wamembeba nani mgongoni, wengine wanakwambia ni raga.

Kirefu chake ni Justin James Watt, mzaliwa wa Wisconsin, 1989. Chuo alianzia Central Michigan akicheza tait endi, yaani yule wa kushambulia anayezuia na pia kudaka pasi, akaona haendi popote, akaacha ufadhili wake wa masomo akarudi nyumbani kwenda kujaribu bahati Chuo Kikuu cha Wisconsin bila ahadi ya hela hata senti. Katikati hapo alikuwa anasambaza piza za Pizza Hut majumbani. Wisconsin wakamgeuza kuwa mtu wa mstari wa mbele wa difensi, na mwaka 2011 Texans wakamchukua kwenye drafti, yaani pale timu za ligi zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, akiwa wa 11. Mashabiki wa Houston waliokusanyika siku ile wakamzomea! Walikuwa wanataka mtu mwingine wanayemjua. Nadhani kuna wazee huko Houston mpaka leo wakikumbuka wanajificha.

Kwa ambaye hajui ule mchezo ngoja nieleze haraka. Kila mpira unapoanza, watu wa mbele wa pande mbili wanakuwa wameinama wanatazamana, pua kwa pua. Wa upande wenye mpira kazi yao kumlinda kwotabeki, yule mrushaji. Wa difensi, akina Watt, kazi yao kuwapita hao mabonge wa kilo mia na arobaini na kumwangusha mrushaji kabla mpira haujatoka mkononi. Ukimwangusha na mpira wake hiyo ni saki. Wakimwangusha wawili kwa pamoja kila mmoja anaandikiwa nusu, ndo maana utaona hesabu zao zina .5 .5, msishangae.

Sasa Watt alikuwa anacheza endi, yaani yule wa pembeni ya mstari wa mbele, kwenye mfumo wa 3-4, watatu mbele wanne nyuma yao, chini ya kocha wa difensi Wade Phillips. Kwa kawaida kwenye mfumo huo wale watatu wa mbele ni watu wa kazi chafu, wanajaza nafasi, wanabeba wazuiaji wawili wawili ili wale wanne wa nyuma wapite wakale saki. Yaani ni nafasi ya kuumia ili mwenzako apigwe picha. Mwaka 2012, msimu wake wa pili tu, mtu huyu kutoka nafasi hiyo akapata saki 20.5. Ni sawa na beki wa kati kumaliza ligi akiwa mfungaji bora. Na juu yake mwaka huohuo akapangua pasi 16 kwa mikono, kwa sababu akiona hafiki kwa mrushaji anasimama, anaruka na ule urefu wake wa karibu mita mbili, anaupiga mpira kofi ukiwa bado haujavuka kichwa chake. Akapewa tuzo ya mchezaji bora wa difensi wa ligi kwa kura 49 kati ya 50.

Kama unataka kumwelewa kwa tukio moja, tafuta ile mechi ya Januari 7, 2012 dhidi ya Cincinnati Bengals. Ilikuwa mechi ya kwanza ya mtoano katika historia ya Texans, timu imeanza kucheza 2002, miaka yote hiyo hawajawahi kufika. Mapumziko yanakaribia, mrushaji wao Andy Dalton anarusha pasi, Watt yuko palepale mbele yake hatua chache, ananyoosha mikono juu. Kila mtu anategemea ataupangua. Anaudaka. Kwa viganja, umbali ambao hata kupepesa macho huwahi, alafu anaanza kukimbia na lile umbo lake yadi 29 mpaka mstari wa goli. Texans wakashinda 31 kwa 10. Yule waliyemzomea Aprili, kufika Januari uwanja mzima unalitaja jina lake.

Na 2014 ndo ulikuwa wazimu kamili. Saki 20.5 tena, hakuna mtu kabla yake aliyewahi kufikisha 20 kwenye misimu miwili tofauti. Tuzo ya difensi safari hii kura zote 50. Alafu wakakumbuka jamaa chuoni alikuwa tait endi, wakawa wanamwingiza upande wa kushambulia timu ikiwa karibu na goli, akadaka pasi tatu za tachidauni, yaani za kufunga, tatu! Ongeza moja ya kumpora Buffalo Bills pasi akakimbia yadi 80, ongeza nyingine ya kuokota mpira ulioanguka dhidi ya Colts. Tachidauni tano, mtu wa difensi. Kwenye kura za mchezaji bora wa ligi nzima akapata 13, mrushaji Aaron Rodgers 31. Mimi naamini alionewa, lakini tuzo ile wanapenda kuwapa warushaji, tumezoea. 2015 akachukua ya difensi kwa mara ya tatu, ikawa yeye na Lawrence Taylor tu waliowahi kufikisha tatu mpaka Aaron Donald alipokuja kuwafikia.

Baada ya hapo mwili ukaanza kudai. 2016 mgongo, upasuaji, msimu ukaisha baada ya mechi tatu. 2017 mguu ukavunjika chini ya goti, mechi ya tano dhidi ya Chiefs. 2018 akarudi akapiga saki 16 kama hakuna kilichotokea. 2019 msuli wa kifua ukachanika mwezi wa kumi, madaktari wakasema msimu kwisha, Januari jamaa huyu hapa kwenye mtoano dhidi ya Bills, Texans wako nyuma 16 kwa 0, anamwangusha mrushaji wao Josh Allen uwanja unalipuka, wakapindua wakashinda 22 kwa 19 kwenye muda wa nyongeza.

Super Bowl, ile fainali ya ligi nzima, hakuwahi kucheza. Hata fainali ya kongamano lao, yaani ya nusu yao ya ligi, hakuwahi kufika, Texans walikuwa wakivuka hatua ya kwanza wanaishia ya pili. Kuna watu wanamshushia heshima kwa hilo, mimi sikubaliani, mtu mmoja wa mstari wa mbele hawezi kukurushia pasi.

Na kule Houston hawamkumbuki kwa mpira peke yake. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilipouzamisha mji, alianza mchango mtandaoni akaweka laki moja ya dola yake mfukoni, lengo lilikuwa laki mbili. Ukapita milioni 41. Mwaka ule mguu umevunjika, saki sifuri, na ndo mwaka aliopewa tuzo ya Walter Payton, ile ya mchezaji aliyefanya makubwa kwa jamii. Ukiikuta jezi ya Watt yenye jina limepauka kwa kuvaliwa, ujue imetoka kwenye mji wa namna hiyo.

Haya turudi kwenye bidhaa, maana matoleo yapo tofauti na wauzaji wetu wanayachanganya yote kwenye rundo moja.

La kwanza ni lenye alama ya Reebok. Hawa walishonea ligi mpaka msimu wa 2011, kuanzia 2012 ni Nike. Kwahiyo ukiona WATT 99 na alama ya Reebok umeshika ya mwaka wake wa kwanza kabisa, hiyo usiivae kufulia, itunze. Za Nike ndo nyingi, bluu, nyeupe, na ile nyekundu waliyokuwa wanavaa mara mojamoja ambayo binafsi naona ndo nzuri kuliko zote. Ndani ya Nike kuna inayoitwa Game, namba zimechapwa, nyepesi, na kwa joto letu kusema kweli ndo inafaa zaidi kuvaliwa. Alafu Limited, namba za kushonwa, kama yangu. Sababu ya kuzikuta nyingi sasa hivi nadhani ni kwamba alikaa Houston misimu 10, kila nyumba ilikuwa nayo, akaondoka 2021, na 2024 timu yenyewe ikabadilisha mtindo wa jezi, watu wakasafisha makabati, sisi tunavuna.

Ipo pia nyekundu ya Arizona Cardinals, alikomalizia misimu miwili. Hii ina hadithi yake. Kule namba 99 ilikuwa imestaafishwa kwa heshima ya Marshall Goldberg, mchezaji wa zamani za vita, haivaliwi na mtu. Familia ya Goldberg ikatoa ruhusa ndo Watt akaivaa. Na msimu wake wa mwisho huko, 2022, moyo ulipoteza mapigo yake ya kawaida siku ya Jumatano, Alhamisi akapigwa shoti hospitali kuurudisha kwenye mstari, Jumapili akacheza. Mimi nikiwa na mafua tu naomba ruhusa kazini. Akamaliza mwaka huo na saki 12.5, mbili kati ya hizo mechi ya mwisho kabisa dhidi ya 49ers, akaondoka mwenyewe akiwa bado anaweza, jumla 114.5, na 101 kati yake ni za Houston.

Sasa ile ya kukimbia. Baada ya kuipenda ya bluu nikataka nyeupe, nikaagiza duka moja la mtandaoni, jina naliacha. Picha safi, maneno matamu, "orijino". Ikaja. Kitambaa chembamba kinang'aa kama gauni la sendoff, herufi zimebandikwa kwa joto, baada ya kufuliwa W ikaanza kunyanyuka pembeni nikabaki na ATT. Nikawaandikia, wakasoma, kimya. Kwahiyo kabla hujatoa hela fanya hivi: angalia ile ngao ya ligi chini ya kola, ina nyota, zihesabu, ziwe 8, moja kwa kila divisheni, yaani kila kundi la timu kwenye ligi, na kila moja iwe na ncha zake zinaonekana. Kwenye ile yangu ya nailoni nyota zilikuwa madoa meupe, hata kuhesabu hazihesabiki. Alafu igeuze ndani, kama ameandika ni ya kushonwa na huoni uzi upande wa pili, rudisha. Harufu ya gundi nayo haifichiki. Mtumba unakuja na harufu ya belo, ile inatoka kwa siki kidogo na jua, gundi haitoki.

Kufua: geuza ndani nje, maji ya baridi, jiki usiilete hata karibu kwa sababu ule ukingo mwekundu utakuwa wa waridi, anika kivulini. Pasi usipitishe juu ya namba, zile za kushonwa zinakunja na zile za kuchapa zinabaki kwenye pasi.

Watu wataniuliza kwanini nivae jezi ya mchezo ambao hata uwanja wake hatuna mtaani. Kwanza ni nguo nzuri. Pili jamaa si mgeni kabisa kwetu, wale wa Ligi Kuu ya Uingereza mshamwona jukwaani Burnley, yeye na mkewe Kealia, ambaye naye alikuwa mchezaji wa soka, waliweka hela pale 2023. Na majirani zetu Kenya mtu wao alishaingia kwenye ile ligi, Daniel Adongo, alitoka kwenye raga akachezea Indianapolis Colts mwaka huohuo wa 2013 Watt akiwa moto kwenye divisheni ileile. Kuna na mdogo wake Watt, T.J., yuko Pittsburgh Steelers, mwaka 2021 alipiga saki 22.5 akaifikia rekodi iliyokuwa ya Michael Strahan tangu 2001, kwahiyo angalieni, belo za Steelers nazo zina WATT lakini namba yake ni 90 na rangi ni nyeusi na njano. Kuna muuzaji alitaka kuniuzia hiyo akisema ni ileile tu imebadilishwa rangi.

Naipa jezi hii nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nimekata kwa ajili ya joto. Kwa bei ya mtumba hamna nguo ya michezo inayoikaribia.

Na kama kuna mtu Dar au Moro ana ile nyekundu ya Arizona, L, ya kushonwa, nyota 8 zinahesabika, aniambie bei. Ya ATT ninayo tayari, siuzi wala sigawi, nadekia nayo.